Upepo Uliporudi

Muuzaji wa jumla pale Ngara alifungua gunia la karafuu akanisogezea. "Nusa, mathe. Hii imeingia jana." Nilinusa, na siku ya kimbunga ikanirudia.

Nilikuwa mtoto bado. Kisiwani kwetu, kimbunga kiling'oa paa la jikoni asubuhi, kisha ghafla kukawa kimya. Jua likatoka. Baba alifungua mlango akatazama mlimani, kwenye mikarafuu yake, ambayo msimu huo ilikuwa imebeba kwa mara ya kwanza.

"Bado imesimama," alisema. "Naenda kuokota karafuu zilizoanguka kabla hazijaoza."

"Ngoja kwanza," mama alimwambia. "Redio imesema upepo utarudi."

"Nitarudi kabla yake."

Alikuwa bado mlimani upepo ulipoanza kuvuma tena, safari hii kutoka upande wa pili. Mama alituingiza chini ya kitanda, mimi na mdogo wangu, akatukumbatia. Aliita jina la baba mpaka sauti ikamkauka.

Baba alirudi jioni akijikokota, viganja vimechunika kwa kung'ang'ania shina. Mwili mzima ulinuka karafuu mbichi. Mama alimwosha, akamuuliza imebaki miti mingapi. Alitikisa kichwa.

Baadaye majirani walituletea miche ya mikarafuu. Baba aliwashukuru, akaiweka kivulini, asiiguse tena. Majani yalipoanza kunyauka nilichota maji kwa kata niimwagilie. Alinishika mkono taratibu.

"Iache, mwanangu," alisema. "Isije ikakua, kisha upepo ukarudi."