Posa Iliyoangukia Kwenye Giza

Zamani kijana wa ziwani akimtaka binti wa watu wa mashamba, alitumwa mzee aende kwa miguu, akae, aulize na kuulizwa mpaka pande zote mbili zijuane. Siku hizi kinatumwa kidole gumba, na jibu linarudi kabla chai haijapoa.

Nyumba yangu iko mtaa wa Mwanga, nyuma ya soko, upande wa mafundi cherehani. Nilishona hapo mpaka macho yakagoma. Shule sikupelekwa, kusoma nilijifundisha kwa magazeti tuliyofungia vitambaa. Sasa napangisha vyumba kwa wanachuo, na nimechoka nao. Wanapita kando yako na nyaya masikioni, salamu wanaitupa kama ganda la muwa. Mwaka ukiisha wanaondoka, wanakuja wengine wanaofanana nao.

Armelle Niyokwizera hakufanana nao. Alikuja na godoro, ndoo na Biblia, akapiga magoti barazani kunipa shikamoo. Nikamwambia ainuke, sakafu ni chafu. Akainuka, akatafuta ufagio.

Baba yake, Mzee Ndizeye, alikuwa mkulima na mzee wa kanisa la Kipentekoste katika kijiji kimoja njia ya Kasulu. Alivuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili akiwa mgongoni kwa mama yake; uraia akaupata mvi zimeshaota. Armelle alizaliwa hapa hapa, lakini chuoni walimwita Mrundi. Walimwita kwa kucheka, kama mtu anavyoitwa mrefu au mnene. Yeye hakucheka wala hakununa. Alilala mapema, akaamka alfajiri kusali kwa sauti ya chini, akaenda darasani, akarudi. Alitaka kuwa mwalimu, basi.

Katika chumba kilichotazamana na chake alikaa Castory, mtoto wa Mwamgongo, kijiji cha wavuvi. Baba yake alikufa yeye akiwa mdogo, akalelewa na baba mdogo, Samson, mwenye mitumbwi ya dagaa. Castory naye alisomea ualimu, darasa moja na Armelle, lakini nusu ya mwezi hakuonekana. Dagaa wetu huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mwezi ukiwaka, taa haina kazi na wavuvi wanakaa nchi kavu. Kwa hiyo siku za giza zikiingia, Castory alikwenda Kibirizi, akapanda boti kurudi kwao, akavua. Aliporudi alinuka samaki na alilala mchana kutwa, mdomo wazi, mlango wazi. Aliongea sana, alicheka sana, alikopa chumvi kwa kila mpangaji na hakurudisha.

Nilikuwa barazani siku Armelle alipomgongea mlango kwa mpini wa ufagio.

"Wewe Castory! Unalala mchana kama popo."

"Popo anashiba, Armelle. Wewe unayelala usiku umekula nini?"

"Kazi ya kikundi inawasilishwa kesho. Kikundi ni mimi na wewe."

"Basi tumekamilika. Nusu iko macho, nusu imelala."

"Nitamwambia mwalimu jina lako alifute."

"Mwambie. Ila jua ukisimama mbele ya darasa unatetemeka. Nilikuona wiki ile. Miguu ilikuwa inacheza ngoma ya kwenu, kichwa kinaimba pambio."

Nilidhani atampiga na ule ufagio. Badala yake alikaa kizingitini, akamsomea kazi yote tangu mwanzo hadi mwisho, na yeye akasikiliza amefumba macho. Kesho yake Castory ndiye aliyeongea mbele ya darasa. Walirudi wanagombana, kwa sababu mwalimu alimsifu yeye kwa maneno ambayo Armelle ndiye aliyeyaandika.

Ugomvi huo haukuisha mwaka mzima, na mimi niliyeishi miaka mingi na mke mmoja najua ugomvi wa namna hiyo ni nini. Armelle alimfundisha Castory kukunja nguo. Castory alimfundisha kupatana bei sokoni. Siku moja alimpeleka Kibirizi kuona mitumbwi ikishusha, Armelle akarudi na magamba kwenye sketi, anacheka peke yake huku anafua. Kupanda boti alikataa. "Ziwa hilo limemeza ndugu za baba yangu wakivuka," alisema.

Mwaka wa pili ulipokaribia mwisho walikuja kwangu pamoja. Nilijua wanachotaka, kwa sababu Castory alikuwa amevaa viatu.

"Babu Elikana," alisema, "nataka kwenda kujitambulisha kwao. Naomba uwe mshenga. Una maneno."

Nikamgeukia Armelle. "Na wewe, unamtaka huyu?"

"Namtaka, Babu." Kisha akasema lile ambalo kila kitu kilikuja kusimama juu yake. "Lakini baba hatanitoa kwa mtu mmoja na simu. Anataka aone watu. Maisha yake yote ameambiwa yeye ni wa kuja. Akikubali, nitaolewa hata kesho. Akikataa, sitaolewa bila yeye. Castory nimemwambia."

"Ameniambia," Castory akasema. "Watu ninao. Mwamgongo nzima."

Ningepaswa kutumwa mimi kwanza. Ndivyo ilivyokuwa zamani. Mshenga anakwenda kwa Waha wenzake wa mashambani au kwa Warundi, anakaa, anasikiliza wanalima lini, wanasali lini, anawaeleza wenyeji ni lini watu wa ziwani wanavua. Siku inapangwa baada ya hayo. Lakini Mzee Ndizeye alikuwa tayari ameandikiwa ujumbe, na tayari amejibu: Jumamosi fulani ya Agosti, saa nne asubuhi, maana wiki zinazofuata kanisa lina mkutano wa injili. Castory alikuwa tayari amemjibu: Haina shida, Mzee.

"Jumamosi hiyo ni giza tupu," nikamwambia.

"Najua, Babu."

"Tena serikali inafungua ziwa wiki hiyo hiyo. Watu wamekaa miezi mitatu hawajatia nyavu majini."

"Najua."

"Kwa nini hukusema?"

Akakuna kichwa. "Nilimpigia Mzee nimwambie. Akaniuliza, hao wavuvi wenu wanajua kalenda? Alikuwa anatania, Babu. Lakini sasa nimwambieje mzee wa kanisa kwamba kwetu tunafuata mwezi? Atasema nimetoka porini. Baba mdogo ameniahidi. Siku moja tu."

Samson aliahidi kweli, na nadhani alikusudia. Lakini mtu wa ziwani akiahidi siku ya giza, kila mtu wa ziwani anajua ameahidi nini.

Jumamosi hiyo nilikuwa Kibirizi mapema, nimevaa koti langu. Castory alikuwa amekodi Hiace. Dereva amelaza kiti, analala. Boti la Mwamgongo likaja limejaa magunia mpaka juu. Likashusha magunia. Likashusha kuku. Mwisho akashuka shangazi yake Castory, Agnesi, kanga mbili kiunoni, mikono imeng'aa magamba.

"Wengine wako wapi, shangazi?"

"Wamelala, mwanangu. Wamevua mpaka jua limetoka. Dagaa wamekuja kama mvua! Hujaona hivi tangu uzaliwe. Samson anasema mwezi ukitoka atakwenda huko kwa wakwe, akae hata wiki."

Castory aliangalia ziwa kana kwamba kuna boti lingine. Halikuwapo. Nilimshauri apige simu, aseme ukweli, aombe siku nyingine. Alisema chakula kimeshapikwa. Hilo lilikuwa kweli pia. Nikamwambia Agnesi aje nasi, hata mmoja ni afadhali. Akasema ananuka. Nikamwambia sote tunanuka kitu. Akapanda, gunia lake akaliacha kwa mwenzake. Ile Hiace ilikuwa na nafasi nyingi mno.

Kwa Mzee Ndizeye walikuwa wamefunga turubai. Viti vya kanisa vilipangwa safu mbili zikitazamana: safu yao imejaa, safu yetu inatusubiri. Nikatoa salamu ya Kiha kama nilivyofundishwa na baba yangu, *mwakeye*, mikono ikigonga polepole, nikiuliza watu, nikiuliza ng'ombe, nikiuliza mvua. Mzee Ndizeye aliinuka, akanijibu kwa Kirundi salamu moja baada ya nyingine, hakuruka hata moja. Alikuwa mtu mfupi, suti ya kahawia. Kwa dakika chache nilisahau uchovu. Nilidhani mambo yatakwenda.

Tulipokaa alitazama viti vitupu upande wetu.

"Karibuni sana. Wenzenu wako nyuma?"

Mshenga ndiye anayejibu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Castory akanitangulia.

"Gari lao limeharibika, Mzee. Njiani."

"Pole zao. Limeharibikia wapi? Tuna vijana wenye pikipiki, wawafuate."

Agnesi, ambaye alikuwa anasalimiana na akina mama na hakusikia vizuri, akageuka.

"Gari gani? Wamelala hao, baba! Dagaa wamejaa ziwani, nani atatoka? Mimi mwenyewe nimekuja hivi hivi, mnisamehe harufu."

Akina mama wa kwaya walicheka. Hawakucheka kwa ubaya. Agnesi alikuwa anachekesha. Mzee Ndizeye naye alitabasamu kidogo, akaangalia viatu vyake.

"Kwa hiyo tumeshindwa na dagaa," alisema.

Nikasema niliyoweza. Nilimweleza habari ya giza na mbalamwezi, nikamweleza miezi mitatu ya ziwa kufungwa. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa heshima. Kisha akasema, "Mzee Elikana, hayo nayaelewa. Mimi nalima. Mvua ya kwanza ikinyesha, hata harusi ya mwanangu ningeichelewa. Kama kijana angeniambia hivyo, tungesogeza siku, na mkutano wa injili ungesubiri. Sasa nimjue vipi? Watu wake anawaficha nyuma ya gari bovu. Binti yangu atamficha nyuma ya nini?"

Hakupandisha sauti. Akaomba chakula kiletwe. Tulikula wali, nyama na maharage, na kila mtu alitukaribisha aongeze. Agnesi aliongeza. Baada ya chakula Mzee Ndizeye aliomba sala ndefu, akatushukuru kwa kufika, akatusindikiza mpaka kwenye gari. Neno la posa halikutajwa tena, na anayejua mambo haya anajua kwamba kutotajwa ndiko kukataliwa.

Armelle alikuwa amesimama kando ya nyumba, kitenge kipya, nywele zimesukwa. Castory akamwendea. Nilikuwa karibu, sikuwa na pa kwenda.

"Niliona aibu," Castory alisema. "Viti vile vyote, Armelle. Niliona aibu."

"Aibu ya nani? Ya wanaokulisha?"

"Ningesema nini?"

"Hilo hilo alilosema shangazi. Mimi kila siku chuoni naitwa Mrundi, na sijawahi kusema gari limeharibika."

Aliingia ndani. Njia nzima Agnesi ndiye aliyeongea.

Nisiseme kwamba Samson hakutimiza. Mwezi ulipowaka alikuja, na hakuja peke yake. Walijaa uani kwangu, wanaume wamenyoa, wanawake wamevaa vitenge, mbuzi amefungwa kwenye nguzo ya kuanikia nguo. Castory alikuwa amewaambia posa imekataliwa. Wao walidhani ni kwa ajili yao, wakaja kuomba radhi. Armelle alitoka chumbani. Akapiga magoti kwa kila mmoja, mmoja mmoja. Akasonga ugali kwenye sufuria ya kuazima, akawanawisha mikono.

"Mama," Samson akamwambia, mtu mzito, sauti imekauka, "kosa ni letu. Tupeleke kwa mzee, tukapige magoti."

"Baba mdogo, nyinyi sina neno nanyi. Na baba hana neno nanyi. Mngekuja na harufu zenu angewapenda."

"Sasa?"

Armelle akamwongezea mchuzi. Castory alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha chumba chake. Jioni walirudi na boti, na mbuzi wao.

Armelle na Castory walibaki wanatazamana milango mpaka mwaka wa mwisho. Walisalimiana. Aliendelea kumwamsha siku za mtihani, kwa mpini ule ule, hodi tatu, kisha akaenda zake bila kumsubiri. Nilimwambia mara moja, "Binti, mtu husamehewa." Akasema, "Nimemsamehe zamani, Babu. Ila sasa akisema kitu, najikuta nangoja mtu mwingine aniambie kama ni kweli." Nikamwacha.

Mara ya mwisho kuwaona ilikuwa stendi, mitihani imekwisha. Mimi nilikwenda kumsindikiza Armelle kwa sababu kufuli la chumba alilisahau begini, akanipa hapo. Castory alikuwa amembebea godoro. Alipanda nalo juu ya basi la Kasulu mwenyewe, akalifunga kwa kamba, fundo la wavuvi, gumu. Alipokuwa bado juu, kondakta akamwuliza Armelle, "Dada, huyu mumeo naye anasafiri au anabaki?"

"Ni jirani," Armelle akasema.

Castory alisikia. Alikaza fundo, akashuka, akafuta mikono kwenye suruali, akampa mkono. Armelle akaushika kwa mikono yake yote miwili, akainama kidogo, kama anavyoagwa mtu mzima. Basi likaondoka. Kijana alisimama mpaka vumbi limetulia, akaniambia, "Shikamoo, Babu," ingawa asubuhi hiyo alikuwa ameshanisalimu, akashika njia ya Kibirizi kwa miguu. Chumba cha Armelle nimempangisha mwingine. Cha Castory kipo wazi.