Pakia, Lakini Mbegu Peke Yake

Simu ya msiba ilinikuta jana asubuhi nikivaa viatu niende sokoni. "Mzee wa stesheni ametutoka, mwalimu. Tunazika leo Mnyuzi, baada ya adhuhuri." Nilikaa chini, nikalia kama mtoto. Mlionizoea kwa ukali katika safu hii, leo mnivumilie, sina ukali wowote.

Miaka ile ya baada ya Uhuru, marehemu alikuwa mnyapara wa makuli kwenye ghala la mizigo, stesheni ya Korogwe. Katani ikitoka, mbolea na nguo zikiingia, amri zilikuwa mbili tu, pakia na pakua, na mnyapara mwingine angeishia hapo. Yeye kila amri aliiongezea neno ambalo hakulazimishwa kulisema. "Pakia, lakini mizigo ya Mashewa ikae mlangoni, ndiyo itakayoshuka kwanza." "Pakua, iliyolowa isiguse kavu." Makuli walimtania kwamba hata akiomba maji ya kunywa ataeleza kata ishikwe kwa mkono gani. Alicheka nao, kisha akarudia maelekezo yake.

Ikaja zamu ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Yeye na watu wake waliazimwa kuhamisha kaya huku Handeni, nami nilikuwa mwalimu kijana katika kijiji kimojawapo kipya. Kila nyumba alianzia jikoni, penye mahindi ya mbegu yaliyoning'inizwa juu ya moto ili moshi uyakinge na wadudu. "Pakieni, lakini mbegu peke yake, na mwenyewe aishike." Siku ya kumhamisha mama yake mzazi, gari lilipangiwa makuli wengine, na huko amri ilikuwa fupi: pakia vyote. Kijijini wakapakua vyote, wakapukuchua, wakachanganya. Njaa ilikuwepo, mashamba mapya hayajalimwa, basi likabandikwa sufuria la kande la wote.

Nilikaa jirani na yule mama alipopewa sahani. Mahindi ya kwao yalikuwa mekundu, mbegu aliyoachiwa na mumewe. Mwanawe alifika na gari la mwisho, vumbi mwili mzima. "Mwanangu," mama akamwambia taratibu, "hii si mbegu ya baba yako?" Akachutama, akaitazama sahani. "Ndiyo, mama. Kula, usilale na njaa." Mama akala, machozi yakimtoka, na mimi sahani yangu ikanishinda. Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakutuambia kwamba inaweza kupikwa.

Sisemi kuhama kulikuwa kubaya. Nimefundisha watoto ambao pale walipokuwa shule isingewafikia. Lakini hata jambo jema hupita mikononi mwa watu, na watu hufanya walichoambiwa. Marehemu aliitafuta mbegu ile nyekundu Mashewa, Mnyuzi na Handeni yote. Kila hindi alilompelekea, mama alitikisa kichwa, mpaka akafariki.

Jana baada ya mazishi vijana walitoa vyombo ili wageni wapate pa kulala. Juu ya jiko la mzee ilining'inia kamba ya mbegu, nyeusi kwa moshi, haina kitu. "Mwalimu, na hii tuitoe?"

"Toeni vyote," nikawaambia, "lakini kamba iacheni."

Nanyi mnaoamuru wenzenu, hata kwa nia njema, ongezeni neno. Kulisema ni pumzi moja tu. Lisiposemwa, kuna mtu atazeeka akitafuta kilichopotea, na atazikwa hajakipata.