Nahodha Aliyetubu Mashineni kwa Himmat

Yotamu Mwangoka alikuwa fundi wa mashine ya kusaga ya Himmat mwenye duka pale Uyole, na katika miaka yote niliyopeleka mahindi yangu kwake sikupata kumsikia akisema uongo, ila alipokuwa anasoma. Nalisema hili mapema, asije mtu akadhani namsengenya marehemu. Alikuwa mtu mwema. Unga wake haukuwa na mchanga, hakumpendelea mtu kwenye foleni, na mwanamke mwenye mtoto mgongoni hakumwacha asimame muda mrefu.

Injini ya Himmat ilikuwa ya dizeli, kubwa kuliko akili yake, na ikifika saa sita mchana ilikuwa lazima izimwe mpaka maji yake yapoe. Hiyo ni saa nzima. Sisi tulikaa chini ya bati na madebe yetu tukingoja, na wanawake wanaongoja lazima wapewe kitu cha kuzungumza. Wasipopewa watajitafutia wenyewe, na watakachokipata ni jina la jirani. Yotamu alilijua hilo, ndiyo maana akaanza kutusomea gazeti.

Gazeti lenyewe liliitwa Mwanga wa Nyanda, likichapwa Iringa na kufika kwa basi kila Jumatano. Himmat alilinunua ili ahakikishe tangazo lake la mashine limetoka. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na hadithi ya mfululizo, na mwandishi wake hakuweka jina. Baada ya kuisikia nilielewa kwa nini.

Ulikuwa mwaka 1958, miezi michache tangu Warusi watupe ule mpira wao wa chuma angani, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kusikia watu wanasafiri kwenda kwenye nyota ya Zuhura. Mzee Bartholomeo, mzee wa kanisa, ambaye hakuleta mahindi ila masikio, aliuliza tu kama nauli walilipia Mbeya au Dar es Salaam.

Hadithi ilikuwa hivi. Dunia imekauka, mito imekwisha. Mtu mmoja, Nahodha Kitundu, ameunda chombo cha kuchukua watu arobaini. Langoni wamekuja elfu. Nahodha akachagua arobaini wake, akafunga lango, akaondoka. Hiyo ni sehemu ya kwanza. Katika sehemu ya pili chakula kilipungua, naye akamtoa nje ya chombo mzee mmoja aliyekuwa mgonjwa, akawaambia wengine kwamba mzee amelala. Mwandishi hakusema kama nahodha ni mwema au mbaya. Alieleza tu, kama mtu anayeeleza bei ya chumvi. Hilo ndilo lililotuudhi. Katika hadithi tulizokua nazo, sungura akimdanganya fisi, unajua ucheke na nani.

Tukagawanyika. Wengine, na mimi nikiwemo, tulisema mtu mwenye vinywa arobaini vya kulisha haulizwi maswali mengi. Wengine walitaka apigwe na radi, mpaka walipoambiwa kwamba kule juu radi hakuna, wakabaki na hasira zao. Himmat aliuliza kutoka ndani ya duka chombo kinatumia galoni ngapi. Mzee Bartholomeo alitangaza kwamba nahodha asipotubu katika sehemu ya tatu, yeye haji tena. Jumatano iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika.

Lakini ugomvi wenyewe haukuwa wa mzee aliyetupwa, wala wa wale elfu walioachwa langoni. Ulikuwa wa mkwe. Gazeti lilitaja kwa kupita tu kwamba nahodha alisafiri na mtoto wake wa kiume pamoja na mke wa mtoto huyo. Chombo kilikuwa na chumba kimoja na mlango mmoja.

Kwa asiyewajua jirani zetu Wanyakyusa, nieleze. Kwao mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Si kwamba hampendi, haonani naye. Akimwona anakuja njiani, anaingia kwenye migomba mpaka apite. Hasemi naye. Wakiwa na neno la kuambiana, mtu wa tatu analibeba. Sisi Wasafwa nasi tuna haya zetu, lakini wenzetu wameigeuza haya kuwa kazi ya kutwa. Yotamu alikuwa Mnyakyusa wa kutoka Tukuyu, na hata pale mashineni aliweka utaratibu: wake wa watoto walikaa nyuma ya ukuta wa matofali, wasije wakakutana na wakwe zao. Huko nyuma ndiko alikokaa Sekela, mke wa mwanawe Lutengano. Alisikiliza akiwa ameegemea ukuta, na hakukosa Jumatano hata moja.

Basi wanawake wakamvaa Yotamu. Huyo binti anapitaje kwenda kuchota maji? Anakula wapi? Nahodha akigeuka ghafla, anajificha nyuma ya nini? Yotamu alilitazama gazeti, kisha akasema chombo kina mlango wa pili, uko nyuma, na kuna ukuta katikati. Akaulizwa mbona hakuusoma. Akajibu kwamba umeandikwa hapa chini, kwa herufi ndogo.

Haukuandikwa popote. Huo ndio uongo wa kwanza, na ulimridhisha kila mtu.

Baada ya hapo kazi ikawa rahisi. Katika sehemu ya tatu nahodha alipiga magoti, akatubu kwa maneno ambayo Mzee Bartholomeo aliyatambua kuwa ya sala ya kanisani kwao, hata mzee wa kanisa akalia bila kujificha. Yule mzee mgonjwa, tulivyosomewa, hakufa. Aliangukia kwenye nyota ndogo yenye udongo mweusi, akapona, akalima ulezi. Katika sehemu ya nne ulezi ulikubali. Sijui mwandishi kule Iringa alikuwa anaandika nini, ila sisi tulikuwa na hadithi nzuri kumshinda.

Sasa nije kwenye barua. Nayaeleza niliyokuja kuambiwa baadaye na Atuganile, mke wa Yotamu, naye hakunificha.

Lutengano alikuwa mtoto wao pekee. Alimwoa Sekela, akakaa naye masika moja, akaenda kusini kwenye machimbo ya dhahabu. Huo ulikuwa mwaka wake wa nne huko. Mwezi wa kwanza wa mwaka huo barua yake ilifika dukani kwa Himmat. Ilisema amepata mke huko huko, wana mtoto, na hatarudi. Ilisema Sekela aambiwe asimngoje; bado kijana, aende akaolewe.

Yotamu aliisoma peke yake mashineni. Jioni akaisoma tena nyumbani, mbele ya Atuganile asiyejua kusoma, Sekela akisikiliza kutoka jikoni. Alichokisoma ni kwamba Lutengano hajambo, anasalimu wote, na atarudi baada ya mavuno.

Kwa nini? Kwa sababu mtoto wao huyo mmoja walikuwa wamekwisha kumpoteza, na Sekela ndiye aliyebaki kuifanya nyumba iwe nyumba. Jembe lililosikika alfajiri lilikuwa lake, na kicheko kilichotoka jikoni kilikuwa chake. Angeambiwa ukweli angerudi kwao Tukuyu, na hakuna ambaye angemlaumu. Yotamu alimpenda yule mkwe ambaye hakuwahi kumtazama usoni. Basi akamshika kwa mavuno. Ilipofika Pasaka, aliitoa barua ile ile akaisoma kana kwamba ni mpya. Mwezi wa sita akaisoma mara ya tatu, akaongeza salamu za rafiki zake Lutengano, na mavuno yakawa ya mwakani. Barua moja ilikuwa imezaa watatu.

Jambo moja tu hakulijua: Sekela alijua kusoma. Alikaa miaka minne shule ya misheni kabla ya kuolewa. Lutengano hakuona haja ya kumtajia baba yake habari za mkewe, na Atuganile alidhani mumewe anajua. Yotamu mwenyewe hakuwahi kumwona akisoma, kwa kuwa hakuwahi kumwona.

Mwezi wa saba Sekela alinunua chumvi dukani, Himmat akaifunga kwenye gazeti kuukuu, kama kawaida yake. Ilikuwa ile sehemu ya tatu. Akaja nayo shambani kwangu, maana tulipakana, akanisomea yote mpaka mwisho. Mlango wa pili haukuwapo. Nahodha hakupiga magoti. Alikuwa amewaambia abiria kwamba mvua zikianza duniani chombo kitageuza, na huku akijua hakigeuzi. Mzee mgonjwa alikuwa amekufa, basi. Ulezi ulikuwa wa Yotamu peke yake.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia baba mkwe wake ni mtunzi na sisi tunamlipa debe la mahindi tu. Sekela hakucheka. Aliukunja ule ukurasa mara mbili.

"Dada Marta," akasema, "mtu anayesoma gazeti hivi, barua anaisomaje?"

Nikamjibu kwamba gazeti ni la watu wote, barua ni ya mtoto, mzazi hawezi kuchezea maneno ya mtoto wake. Ndivyo nilivyo. Nisipokuwa na jibu, natoa lolote lililo karibu.

Jumatano iliyofuata injini ilizimwa saa sita. Yotamu alijifuta unga mikononi, akafungua sehemu ya tano. Kabla hajaanza, Sekela aliniita kutoka nyuma ya ukuta. Nikaenda, akaninong'oneza, nikarudi mbele nikiwa nimefurahi, kwa sababu napenda kutumwa. Nikamwambia Yotamu kwamba nyuma kuna mtu ana swali la hadithi. Akasema aulize.

"Anauliza hivi, baba Lutengano. Nahodha anajua hakuna kurudi. Kwa nini kila mara anawaambia watu ni baada ya mavuno?"

Wanawake walitazamana. Hakuna aliyekumbuka kusikia mavuno katika hadithi ile, ukitoa ulezi wa mzee. Lakini swali ni swali, na hatukungoja fundi ajibu. Mzee Bartholomeo alisema nahodha amekwisha kutubu, haifai kumfukulia makosa. Mwingine akasema ukweli ukitolewa chomboni watu wataruka nje. Mimi nami nikasema, tena kwa sauti, kwamba nahodha alifanya vizuri, maana abiria asiyejua analala usingizi mzuri. Nilisema hivyo nikiwa nimeupa ukuta mgongo. Naona aibu mpaka leo.

Yotamu alikuwa ameliweka gazeti juu ya gunia. 

"Marta, mwambie hivi," akasema. "Nahodha hakuwahurumia abiria. Aliogopa kubaki peke yake."

Nikalizunguka jengo na jibu lake. Sekela alikuwa amesimama. Alilipokea, akainamisha kichwa kidogo.

"Mwambie ndaga," akasema, ndiyo asante ya kwao. "Na barua naomba niisome mwenyewe."

Hapo ndipo nilipoelewa nimekuwa nikibeba nini. Safari ile ya kurudi mbele ilikuwa hatua ishirini, nami niliziona nyingi. Nilimwambia Yotamu sikioni. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa barua iliyochakaa kwenye mikunjo, akanipa. Alikuwa akitembea nayo siku zote. Waliokuwa mwisho wa foleni walidhani ni sehemu ya hadithi, wakaomba isomwe kwa sauti.

Sekela aliisoma amesimama, kisha akairudia toka mwanzo. Hakulia. Aliniambia nimwombe fundi amsagie yeye kwanza, kwa kuwa ana safari.

Yotamu akaiwasha injini ikiwa bado ya moto. Himmat alitoka dukani mbio akipiga kelele kwamba itapasuka, naye hakumgeukia. Alisaga debe lile kwa makini, akachekecha unga kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo hakumfanyia mtu, akaufunga mfuko akanipa nipeleke nyuma. Nilipoupokea aliushikilia kidogo, kisha akauachia.

Asubuhi Sekela alipanda lori la Tukuyu. Atuganile alimsindikiza mpaka njia panda, na Yotamu alibaki nyumbani, kama ilivyompasa baba mkwe.

Jumatano iliyofuata tulikusanyika kama kawaida, na Yotamu alisoma. Safari hii alisoma neno kwa neno, kidole kikifuata mstari. Nahodha aliwadanganya abiria, abiria wakalala, mke wa mtoto wake akakaa chumba kile kile na mlango ule mmoja, na mzee wa ulezi hakutajwa. Mzee Bartholomeo aliondoka katikati. Wanawake walinung'unika kwamba hadithi imeharibika. Wakamwomba arudishe ile ya zamani. Akasema hivi ndivyo ilivyoandikwa. Mwezi wa nane ulipofika wengi walikuwa wameacha kuja saa sita, na walipoulizwa sababu walisema Yotamu siku hizi hajui kusoma.