Donatus Aliyejifunza Kusema Juu ya Dungu

Siku aliyokuja kutuambia kwamba mdogo wangu Ignas amekufa, Donatus alishindwa kusema, akaenda kutapika nyuma ya zizi. Nalisema hili mapema kwa sababu waliomjua baadaye, alipokuwa akiitwa huku na huku kusemea watu kwenye misiba na harusi huko kwao Buzinza, hawaamini. Wanadhani alizaliwa na ulimi ule. Hakuzaliwa nao hata kidogo. Aliupata shambani kwetu, mwaka 1952, na aliyemfundisha ni mama yangu, ambaye hakujua hata kusoma jina lake.

Mimi ni Klara. Mwaka ule nilikuwa nimerudi nyumbani kwetu, upande wa Mwakitolyo, kwa sababu mume wangu alisema nina mdomo. Ni kweli ninao. Ng'ombe wa mahari walirudishwa kwao, mimi nikarudishwa kwetu, na wala sikulia. Kilichoniuma ni kwamba nilimkuta Ignas hayupo. Alikuwa ameondoka miaka mitatu nyuma kwenda kwenye dhahabu, upande wa Nyarugusu, kutafuta chochote cha kuolea. Yeye ndiye mtu pekee pale nyumbani aliyekuwa akicheka nikifoka. Bila yeye nilifoka, watu wakanyamaza tu, na nyumba ikawa kubwa.

Mwezi wa kwanza, Stanslaus katekista alituletea barua iliyopitia misheni. Ilikuwa na mistari miwili: jina la Ignas, kisha kwamba mwenye jina hilo ameangukiwa na mwamba, amefariki, na kipande chake, ile kadi ya kazi, kimefungwa. Mama akamwambia airudie. Stanslaus akairudia. Mama akamwambia aikunje, akaenda kugeuza viazi vilivyokuwa juani.

Nilitaka tunyoe nywele siku ile ile. Baba mkubwa Mabula, aliyekuwa mkubwa wa ukoo, akakataa. Alisema karatasi haiwezi kuweka msiba, na alikuwa na sababu. Nyuma kidogo ilikuja karatasi kama hiyo kusema jirani yetu Thobias amekufa huko alikokwenda kufanya kazi. Tukanyoa, tukakaa matanga, ng'ombe akachinjwa, mkewe akaolewa na mtu mwingine. Mwaka wa pili Thobias akatokea mchana kweupe, amenenepa, yuko juu ya baiskeli, anauliza mbona watu wanamkimbia. Tangu hapo kijiji chetu kikakubaliana kwamba aliyefia mbali hataliliwa mpaka aliyemwona kwa macho yake asimame mbele ya watu wote aseme.

Basi Ignas wetu akawa hayupo na hajafa. Mama aliendelea kumkaushia michembe yake, vile viazi vya vipande, kama kila mwaka, akiiweka kwenye gunia lake peke yake, na mtu yeyote asiiguse.

Donatus akaja mwezi wa tatu, mtama ukiwa ndio kwanza unatoa masuke. Alikuwa kijana mrefu, mweusi, mwenye mabega ya mtu wa sururu, na miguuni amevaa viatu vikubwa vya ngozi ambavyo mama alivitambua kabla hajautazama uso wake. Ignas alivinunua Geita na alituma salamu kwa watu watatu tofauti ili tujue kwamba amenunua viatu, na jinsi vilivyo.

Watu wakaitwa. Uwanja ukajaa, wanaume kwenye vigoda, wanawake chini. Donatus akasimama katikati, akafungua mdomo, jasho likamtoka. Akasema, "Mimi... viatu..." Kisha akageuka, akakimbia nyuma ya zizi, tukamsikia akitapika. Wengine wakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa hasira, na ninaona haya mpaka leo.

"Huyu hajasema," Baba mkubwa Mabula akaamua, akachukua kigoda chake.

Jioni, akiwa na mama na mimi tu, Donatus aliongea vizuri kabisa. Alisema tangu utoto akiwa na mtu mmoja au wawili hana shida, lakini macho ya watu wengi yakimwangalia koo linafunga. Padri alimpa somo asome kanisani siku moja, akazimia. Alikuwa ameomba mtu mwingine aje badala yake, lakini waliokuwepo siku ile na Ignas walikuwa wameshatawanyika. Akapiga magoti. "Mayu," alisema, akimwita mama kwa neno letu la Kisukuma, "acha nikwambie wewe hapa hapa yalivyokuwa, niende zangu."

"La mwisho usiniambie," mama alisema. "Mengine yote niambie, ila hilo la mwisho liweke. Utalisema siku yake, mbele ya watu. Utakaa hapa mpaka uive."

Dungu letu lilikuwa katikati ya shamba, miti minne na kitanda cha fito juu, kwa ajili ya kuwinga ndege. Anayewinga hukaa juu kuanzia alfajiri na kombeo na debe bovu, akipiga kelele mpaka jua lizame, maana ndege wa kwetu wakitua kwa wingi shamba linakwisha kabla ya saa sita. Mama akampandisha Donatus. Yeye mwenyewe akasimama chini, tuta la tatu.

"Nisalimie," alimwambia.

"Mwangaluka, mayu," Donatus alisema.

Mama akarudi nyuma matuta kumi. "Sisikii!"

Ndivyo walivyoanza. Siku za kwanza ilikuwa salamu tu. Akisalimia akasikika, mama anarudi nyuma tena, tuta kwa tuta, mpaka anafika kwenye ua wa minyaa mwisho wa shamba, na kutoka huko unasikia sauti yake ndogo, "Sisikii!" Donatus anavuta pumzi, anasema tena. Kisha akaambiwa ahesabu matuta kwa sauti. Kisha aeleze kwao wanavyopika samaki. Kiswahili chake kilikuwa cha machimboni, cha mama kilikuwa cha kuokota mnadani, na kati yao lilikuwa neno moja tu ambalo wote walilijua barabara, nalo ni lile la kutosikia. Niliwaona wote wawili wajinga. Nilimwambia mama hivyo, akaniambia nikachote maji.

Shida kubwa ilikuwa miguu yake. Alipoogopa miguu ilitetemeka, ikitetemeka dungu lote linalia kwi kwi kwi, na ndege wakazoea wakaacha kuogopa. Mama akampa kombeo ashike mikononi hata kama harushi, apate kitu cha kukamata. "Dungu likinyamaza," alisema, "utakuwa umeiva."

Kisha akaanza kumletea watu. Kwanza nilikuwa mimi. Nilisimama pale mikono kiunoni nikimkazia macho, na maskini dungu lililia asubuhi nzima. Baada ya siku chache akanizoea. Wakaletwa wanawake wawili wa kupalilia, kisha watano. Na sasa mama hakumwambia tena ahesabu matuta. Alimwambia aseme habari za Ignas.

Donatus akasema. Alisimulia kwamba Ignas alilala chali na kukoroma mpaka kambi nzima ikamhamishia pembeni. Kwamba aliimba nyimbo za kulima akiwa chini shimoni, na Wazinza na Wasumbwa wakawa wanaitikia bila kujua maana. Kwamba siku ya mapumziko alipaka viatu mafuta, akavivaa, akatembea kutoka mwisho wa kambi mpaka mwisho mwingine, basi, akarudi akavivua. Mama kutoka kwenye minyaa anaita, "Sisikii!" na Donatus anarudia, kwamba alivivaa, akatembea, akarudi akavivua.

Pasaka ikapita. Mtama ukaanza kuwa mwekundu. Kila Jumapili Baba mkubwa Mabula aliuliza, "Mgeni vipi?" na mama akajibu, "Bado hajaiva."

Mwezi wa tano, asubuhi moja nilikuwa nakata majani ya mlenda kando ya shamba. Juu ya dungu Donatus alikuwa akisema. Wanawake kama kumi na watano walikuwa wameacha majembe wanamsikiliza, mmoja anafuta machozi, mwingine anacheka, na sauti ya Donatus inapita juu ya mtama wote inafika kwangu bila kukatika. Nikasimama. Kuna kitu kilikuwa kimepungua na sikujua ni nini. Ndipo nikatambua kwamba dungu halilii. Lilikuwa limenyamaza kimya.

Nilimkuta mama jikoni jioni. "Donatus ameiva," nilimwambia.

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

Nikapandwa na hasira. "Sasa unangoja nini? Mwanao hajaliliwa! Baba mkubwa anauliza kila wiki, unamdanganya!"

Mama alikuwa anasonga ugali, na hakuacha kusonga. "Siku huyu akisema, Ignas atakuwa amekufa," alisema. "Na yeye atafunga mzigo wake aende. Sasa hivi nina vijana wawili, Klara. Mmoja ananiamkia asubuhi, mwingine nasimuliwa habari zake mchana. Nikimruhusu aseme nitabaki na nani?"

Angenyamaza mwingine. Mimi nina mdomo. "Huko Buzinza nako kuna mama anaangalia njia," nilisema. "Tena wa kwake hajafa."

Mama akaacha mwiko ndani ya sufuria. Alikaa akiuangalia moto muda mrefu, na ugali ukaungua, nami nilitamani kuyala maneno yangu yote tangu nilipojifunza kusema. Asubuhi akanituma kwa Baba mkubwa Mabula. Akasema nimwambie ni Jumamosi.

Jumamosi watu walikuja wengi kuliko mara ya kwanza, maana habari za dungu zilikuwa zimesambaa. Thobias alikuja na baiskeli yake, akaiegemeza zizini mahali ambapo kila mtu ataiona. Donatus akasimama katikati, kombeo mkononi. Akasalimia, tukaitikia. Kisha kimya.

Nilimwangalia magoti. Yalikuwa yameanza. Mtu tuliyemzoesha kusema juu ya mtama, akiangalia mbali, sasa alikuwa chini, na kila alikotazama alikuta jicho la mtu. Mzee mmoja akakohoa. Baba mkubwa Mabula akaweka mkono kwenye kigoda chake, na mimi nikajua akiinuka na kigoda kile basi, Ignas atabaki hivyo hivyo milele, hayupo na hajafa.

Mama akainuka. Mwenye msiba hainuki, lakini yeye aliinuka, akapita katikati ya wanawake bila kumtazama mtu, akatoka penye mlango wa ua. Watu wakaguna. Walidhani amekata tamaa, au amechanganyikiwa. Akaenda na njia ya shambani mpaka akawa mdogo. Halafu akageuka.

"Sisikii!" akaita.

Donatus akainua kichwa. Akatazama juu ya vichwa vyetu sote, kule alikokuwa mama.

"Mayu! Ni mimi Donatus!"

"Sisikii!"

Akavuta pumzi, na sauti ikaja yote. Alisema siku ile waliteremka shimoni watu wanne. Yeye alikuwa na jeraha mguuni, hana viatu, na Ignas akavua vyake akampa, akamwambia asivikunje kisigino. Ignas akatangulia, peku, akiimba. Mwamba ukashuka mara moja. Walichimba mpaka mikono ikatoka damu, na walipowafikia wale wawili waliofunikwa, nyuso zilikuwa hazitambuliki. "Lakini mmoja alikuwa na viatu," Donatus alisema, "na mmoja alikuwa peku. Peku alikuwa mmoja tu, mayu. Nilivaa viatu vyake. Hivi hapa. Ndiyo maana nilishindwa kusema siku ile."

Thobias alikuwa ameinama anatazama ardhi.

"Sisikii!" mama akaita.

Alikuwa amesikia. Hata waliokuwa kisimani walisikia. Lakini aliita, na sauti yake ilikatika katikati, na Donatus akaelewa kilichobaki. Machozi yakimtiririka, akalisema kwa nguvu zote alizopewa kwenye dungu lile.

"Ignas amekufa, mayu! Nimemzika kwa mikono yangu!"

Tukamwona mama kule mbali amesimama. Kisha akajibu, si kwa kelele, lakini kila mtu alimsikia.

"Nimesikia."

Akakaa chini pale pale njiani. Wanawake wakaanza kulia, na mimi nikamkimbilia.

Tulinyoa, tukakaa matanga. Yalipokwisha Donatus akafunga mzigo wake. Alitaka kuacha viatu, mama akamwambia, "Vaa. Alishakupa." Kisha akaingia ndani, akatoka na lile gunia la michembe ya Ignas, akamtwisha. "Mpe mama yako," alisema. "Mwambie nilikukawiza kwa makusudi. Anisamehe." Hatukumwona tena, ila habari zake zilikuwa zikitufikia, kwamba amekuwa msemaji, na kwamba kabla ya kusema hutazama kwanza mbali, juu ya vichwa vya watu.

Mwaka uliofuata mtama ukatoa masuke, na wa kuwinga ndege nikawa mimi. Siku ya kwanza nilikuwa napiga debe nikamwona mama anakwenda mwisho wa shamba. Akasimama kwenye minyaa, akageuka, akaniangalia.

"Sisikii!" akaita.

Nikalishusha debe. Mimi mwenye mdomo, niliyerudishwa na mume kwa ajili ya mdomo, koo likanifunga na miguu ikaanza kutetemeka, na dungu likaanza kulia chini yangu.

"Ignas," nilisema, "alipenda michembe ya kupikwa na karanga."

"Sisikii!"

Nikavuta pumzi, nikasema tena.