Difu mpya ya bosi inavuta vizuri mno

Jamani, gari la bosi limeingia jikoni kwa jirani yetu Mama Neema, na mwenye usukani nilikuwa mimi.

Hakuna aliyeumia. Nasema hilo kwanza.

Bosi wangu wa Lilongwe alitaka difu ya nyuma yenye nguvu zaidi, kile chuma kinachogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili, kwenye gari lake la spoti. Ni mimi niliyemwambia kwamba kaka yangu ni fundi hapa kambini Dzaleka. (Kwa nini sikunyamaza?)

Leo kaka alishusha ile ya zamani uani kwetu, akafunga mpya. Akainua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, akaniita nijaribu.

"Upande mmoja tu?" nikauliza.

"Mudogo yangu, unaogopa mpaka kivuli! Mupira iko hewani, itazunguka bure. Tia ya kwanza."

Kwa difu ya zamani, kweli ingezunguka bure. Hii mpya inayalazimisha magurudumu yote mawili kusukuma pamoja. Ndiyo maana bosi aliinunua.

Nikatia gia, na lile gurudumu lililobaki chini likashika udongo. Gari likaruka kutoka kwenye jeki, likaenda.

Ukuta wa matofali. Sufuria ya maharagi. Taa zote mbili za mbele.

"Nimetoka humu sasa hivi!" Mama Neema akalia. "Mungenizika leo!"

Papo hapo bosi akapiga simu.

"Difu inavuta?"

"Inavuta sana, bosi."

 Akafurahi, akasema anakuja kulichukua gari.

Kazi hii ndiyo inayotulisha sote nyumbani. Niambieni: nimpigie sasa, au nimngoje aone mwenyewe?