Kitasa cha Ukumbi wa Mifupa

Tarehe 14 Machi 2016, Fundi Komeo alitia kitasa kipya kwenye mlango wa ukumbi wa mifupa katika makumbusho ya mkoa. Tarehe hiyo ameikwaruza mwenyewe kwenye ubapa wa kitasa, kama afanyavyo kwa kila kazi anayojivunia.

Jumanne iliyopita alisimama mbele ya mlango huohuo, mama yake kamshika mkono. Ulikuwa umefungwa.

"Mwenye ufunguo yuko semina," alisema dada mlinzi.

"Na ufunguo?"

"Nao uko semina."

Mama hakucheka. Enzi za usichana wake aliwapikia vibarua waliochimbua mifupa ya mnyama wa kale aliyemo humo. Alimwona vipande vipande, kaviringishwa plasta na magunia, akipakiwa kwenye lori. Akiwa ameungwa mzima hajamwona hata siku moja. Jicho lake la kushoto limekwishazima, na daktari amesema la kulia halitachukua muda.

"Si wewe uliyekitia?" alimuuliza mwanawe. "Basi fungua."

Fundi aliugusa mkoba wake wa vifaa. Nusu ya mji imewahi kumwita ikiwa imejifungia nje.

"Dada, ni kufumba na kufumbua tu. Anaangalia, nafunga, tunaondoka."

"Kaka yangu, ukifumbua tu, kibarua changu kimeota nyasi."

"Basi achungulie tunduni."

"Tundu gani? Si ulitutambia mwenyewe kwamba halipitishi hata mwanga?"

Fundi akauachia mkoba. Ni kweli alitamba, tena mbele ya mkurugenzi.

Ili kuwapoza, mlinzi aliwapeleka chumba cha pili, kwa mamba aliyekaushwa. Mshono wa tumbo ulikuwa umefumuka. Mama alimpapasa, kibao cha "Usiguse" kikiwa sentimita chache juu ya mkono wake.

"Huyu tulikuwa tunamkimbia mtoni," alisema. "Leo anatoka pamba. Nimekuja kuona mzee wa mifupa, naonyeshwa godoro."

"Pole, bibi," alisema mlinzi. "Rudini wiki ijayo."

"Wiki ijayo nitarudi na jicho la nani?"

Walipokuwa wakitoka, mama alisimama tena kwenye ule mlango, akapitisha kidole juu ya kitasa.

"Kazi nzuri, mwanangu," alisema. "Nzuri kupita kiasi."

Semina inaisha Ijumaa. Jumatatu asubuhi fundi hatafungua kibanda chake. Atamleta mama, na watakaa mlangoni mpaka ufunguo urudi.