Kibuyu Changu kwenye Miti ya Bunduki ya Shemeji

Kosa ni langu. Nimelificha tangu miaka ya hamsini. Hongera kwangu!

Siku hiyo pale kwetu Marungu tulikuwa wanne. Mwakio, mume wangu. Mkamburi, mama yake. Mwadime, mdogo wake Mwakio, askari wa wanyama pori mwenye bunduki ya serikali. Na mimi, bibi arusi wa mwaka mmoja, mjuzi wa kila kitu.

Kulikuwa na nyati dume aliyetoka porini kila jioni kula mahindi yetu. Mkubwa wa Mwadime, mzungu wa huko Voi, alimtuma aje ammalize.

Mwadime hakupiga bunduki mikononi tu. Alikuwa na miti mitatu, ameifunga karibu na juu kwa ukanda wa ngozi. Anaitanua miguu chini, anaikita ardhini, bunduki anailaza pale juu kwenye panda. Anatoa pumzi nusu, anatulia, ndipo anavuta. Hakosi!

Mimi nikamcheka. “Shemeji, bunduki yako imezeeka? Mbona inatembelea mikongojo?”

“Mkono hutetemeka, shemeji,” akasema. “Hii miti haitetemeki. Uiache hapo ilipo.”

Niiache? Mimi?

Adhuhuri akalala kidogo. Nilikuwa na maziwa ya kusuka yatoe siagi, na kamba ya kuning'inizia kibuyu imekatika. Nikaiona ile miti imesimama bure. Akili yangu ilivyo nyingi! Nikaning'iniza kibuyu pale pale juu, nikasuka, huku na huku, nikiimba.

Kizibo kikatoka. Maziwa yakaloanisha ukanda wote. Nikauosha kwa maji ili asijue, yaani nikauloanisha mara ya pili. Ngozi ikanyooka, ikalegea kama mlenda. Nikaufungua, nikaufunga upya kwa fundo langu la mzigo wa kuni. Nikairudisha miti mahali pake. Fundi!

Jioni nyati akaja. Mwadime akaweka miti yake, akalaza bunduki. Mwakio alikuwa amesimama kando ya ua wa miiba. Mimi na mama mkwe tulikuwa mlangoni.

Nikaona mguu mmoja wa ile miti unateleza. Niliuona kabla ya mlio! Ningepiga kelele. Nikanyamaza, maana ningeulizwa nimejuaje.

Risasi ikampata nyati matakoni. Akageuka, akapita kwenye ua kama hakuna ua, akamrusha Mwakio. Mfupa wa paja ukavunjika. Woi! Mume wangu alichechemea mpaka kaburini.

Kesho yake askari wengine walimfuata yule nyati wakamuua. Mkubwa akaja, akamnyang'anya Mwadime bunduki na kazi.

“Miti iliteleza, bwana,” Mwadime akasema.

Watu wakacheka. Na mimi, mwenye fundo langu, nikacheka kuwashinda. “Shemeji, siku hizi hata miti inasingiziwa!”

Mama mkwe akanipiga bega, “Mwana wee, una maneno!” Akafurahi kupata mkwe mcheshi.

Mwadime aliondoka akaenda kukata mkonge. Hakukaa tena nyumba moja na kaka yake. Mwakio akafa akiamini mdogo wake alimlemaza kwa uzembe. Nilimpikia uji miaka yote hiyo, nikamkanda lile paja, na mdomo huu unaojua kila kitu haukujua hilo moja.

Nyinyi wasichana wenye majibu ya haraka, chekeni. Lakini mkiharibu kitu cha mtu, mwambieni kabla hajakiegemea. Aibu ya siku moja haivunji paja.

Watoto wa Mwadime, kama mnasoma haya: baba yenu alikuwa na shabaha. Nimewaambia sasa, wakati mwenyewe hayupo tena kusikia. Nina haraka kweli mimi!

Nakumbuka jina la kila mtu, lakini huenda nimekosea mahali: pengine mlio ulikuja kwanza, mguu ukateleza baadaye. Kama kuna aliyesimuliwa tofauti na Mwadime mwenyewe, anisahihishe. Nitafurahi kukosolewa.